Mtihani wa Taifa na Vipindi vya Kila Siku: Maswali Ninayoulizwa Mara kwa Mara na Wazazi na Walimu

Nafundisha Hisabati darasa la sita na la saba katika shule ya serikali, nje kidogo ya Jiji la Mbeya. Kabla ya hapa nilikuwa Mufindi, katikati ya mashamba ya chai. Maswali haya nimeulizwa kwenye vikao vya wazazi, kwenye daladala ya kwenda Uyole, sokoni Mwanjelwa, na kwa walimu wapya wanaoripoti na begi moja na wasiwasi mwingi. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu ana kwa ana.

Mwalimu, mtoto anapimwa mara ngapi kabla ya kumaliza shule ya msingi?

Darasa la pili hupimwa zile KKK: Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Darasa la nne kuna Upimaji wa Kitaifa, ambao kwa kawaida huja Oktoba au Novemba. Darasa la saba ndiko kwenye Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi, mwezi Septemba, kwa siku mbili. Huo wa la nne na wa la saba hutungwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA.

Kwa utaratibu wa miaka ya karibuni, darasa la saba hufanya masomo sita: Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Teknolojia, Maarifa ya Jamii na Stadi za Kazi, na Uraia na Maadili. Kila somo lina alama 50, jumla 300. Aliyepata 121 na kuendelea yuko daraja C au juu yake, na A huanzia 241.

Hapo sijataja jaribio la Ijumaa, mtihani wa mwezi, wa muhula, wa kata, wa wilaya, na ule wa utamilifu wa mkoa tunaouita moko. Ukivijumlisha, kuna wiki mtoto wa darasa la saba anafanya mitihani siku nyingi kuliko anazofundishwa. Shida ninayotaka kuizungumzia inaanzia hapo.

Mwezi wa ngapi tuache kufundisha tuanze kuwaandaa na mtihani?

Msiache. Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi na walimu vijana, na kila mara jibu langu ni hilohilo.

Nilishawahi kufundisha shule moja ambako ikifika Mei ratiba ya darasa la saba inafutwa ukutani. Michezo hakuna, kuimba hakuna, hata kipindi cha kawaida hakuna. Asubuhi mtihani, mchana kusahihisha, kesho mtihani mwingine. Tulifanya hivyo kwa nia njema kabisa, na mimi nilikuwa mstari wa mbele. Watoto waliokuwa wakijua hesabu za sehemu, yaani nusu, theluthi na robo, waliendelea kuzijua. Waliokuwa hawajui waliendelea kukosa maswali yaleyale, karatasi baada ya karatasi, hadi wakazoea kukosa. Hakuna aliyewafundisha upya, kwa sababu muda wa kufundisha tulikuwa tumeugeuza kuwa muda wa kupima. Ng'ombe hanenepi kwa kupimwa kila siku, nasi wafugaji tunalijua hilo vizuri sana.

Kinachomwandaa mtoto ni kipindi cha kawaida kilichofundishwa kikaeleweka. Zoezi la mtindo wa mtihani lina nafasi yake, lakini liingie ndani ya kipindi, lisikifukuze.

Sawa, linaingiaje ndani ya kipindi? Dakika 40 zenyewe hazitoshi.

Mimi natumia dakika nane za mwanzo na swali moja tu. Moja, narudia, wala sihitaji rimu ya karatasi, naandika ubaoni. Hili hapa nililitumia wakati tunaingia sehemu:

Mama Sekela alivuna kilo 240 za viazi mviringo. Aliuza theluthi mbili. Familia yake ikala kilo 30. Zilibaki kilo ngapi? A: 160, B: 80, C: 50, D: 130, E: 210.

Kila mtoto anaandika herufi yake daftarini, kimya. Kisha wananyoosha mikono herufi kwa herufi nami naandika idadi ubaoni. Sisemi jibu. Siku hiyo wengi walichagua 80, wachache 50, na kundi zima la nyuma kushoto likachagua 130. Nikamwita binti mmoja wa kundi hilo aeleze. Akasema, "Theluthi mbili ni 160, nikatoa 30 walizokula." Mwenzake akamuuliza palepale, "Kwa hiyo walikula viazi vya mteja?" Darasa likacheka, yeye mwenyewe akacheka, akarudi kwenye daftari lake akapata 50 bila mimi kusema neno.

Tazameni kila jibu lisilo sahihi linasema nini. Aliyechagua 160 ameishia kwenye zilizouzwa. Wa 80 amesahau waliokula. Wa 130 ametoa mahali pasipo pake. Wa 210 hakugusa theluthi kabisa, na huyo ndiye ninayepaswa kukaa naye, kwa sababu wengine wote sehemu wanazijua, wameteleza kwenye kusoma swali. Ningewapa karatasi ya maswali 45 ningepata alama tu, nisingepata habari hii.

Baada ya hapo somo linaendelea kama lilivyopangwa kwenye andalio la somo. Kwa wiki ni maswali matano, kwa muhula mtoto ameshachambua mengi kuliko ambavyo angepitia haraka haraka kwenye moko mbili.

Mitihani ya miaka iliyopita ina faida?

Ina faida kubwa, ila wengi wanaitumia vibaya. Wanampa mtoto karatasi nzima, anajibu, wanampa alama, basi. Au mbaya zaidi, wanamkaririsha majibu wakitumaini maswali yatajirudia.

Kitu ambacho walimu wengi huku kwetu hawakifungui ni taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. NECTA huziweka kwenye tovuti yao, somo kwa somo. Humo wameeleza swali lililenga nini, watahiniwa wengi walikosea wapi na kwa nini walivutwa na jibu lisilo sahihi. Mwalimu akisoma uchambuzi wa somo lake kabla ya kuandaa azimio la kazi, yaani mpango wake wa kufundisha mada, atajua ni mada ipi aipe wiki tatu na ipi aipe moja. Fomati za mitihani nazo zipo hapohapo. Vitabu vya kiada vipo kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na simu moja ya mwalimu inatosha kwa ofisi nzima.

Mwanangu anajua, ila kwenye mtihani anapata sifuri za ajabu. Amelogwa?

Hajalogwa, mama. Niletee karatasi yake.

Kijana mmoja, mzuri wa Hisabati, alipata alama za kusikitisha kwenye moko. Nikaikagua fomu yake ya majibu. Swali la 12 lilimshinda, akaliruka, ila hakuacha nafasi yake kwenye fomu. Jibu la 13 akaliweka kwenye 12, la 14 kwenye 13, hadi mwisho. Nilipolinganisha kwa kusogeza mstari mmoja, majibu yake mengi yalikuwa sahihi.

Tangu 2012 darasa la saba wanajibu maswali ya kuchagua kwenye fomu maalumu ya OMR, inayosomwa na mashine. Mtoto anaweka kivuli kwenye herufi ya jibu kwa kalamu ya risasi ya HB. Kwenye karatasi za miaka ya karibuni, swali la 1 hadi la 40 ni la kuweka kivuli, na la 41 hadi la 45 huandikwa kwa kalamu ya wino. Mashine haina huruma: vivuli viwili kwenye swali moja, au kufuta nusunusu, ni kukosa.

Dawa yake ni rahisi. Mchoree fomu kwenye daftari la kawaida, namba 1 hadi 40, herufi A hadi E. Afundishwe kuweka rula chini ya mstari anaojibu, na kila baada ya maswali matano asimame aangalie namba ya swali na namba ya fomu kama zinalingana. Fanyeni hivyo mara moja kwa wiki kuanzia Julai. Haihitaji zaidi.

Anakariri kanuni zote, mbona anakosa?

Kwa sababu kanuni aliyoikariri bila kuielewa humpotosha. Chukua MAGAZIJUTO. Kila mtoto wa Tanzania anaiimba: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Sasa mpe 12 − 5 + 3. Anasema JU iko mbele ya TO, anajumlisha 5 na 3 anapata 8, anatoa kwenye 12 anapata 4. Jibu ni 10. Kujumlisha na kutoa vina hadhi moja, unafuata kushoto kwenda kulia, na kugawanya na kuzidisha vivyo hivyo. Mpe shilingi kumi na mbili za kuchora, atoe tano, aongezewe tatu, ataona mwenyewe. Wimbo ubaki, lakini baada ya kuelewa.

Nina watoto darasa la nne ambao hawajui kusoma. Nawaandaaje na upimaji?

Mwalimu mwenzangu, hapa naomba tuzungumze kwa utulivu, maana ndipo penye kazi yenyewe.

Mtoto asiyesoma hafanyi mtihani wa Sayansi wala wa Historia. Anafanya mtihani uleule wa kusoma katika kila somo, na kila mara anaukosa. Kumpa maswali ya mazoezi ni kumwadhibu. Kwa hiyo wiki ya kwanza ya Januari mimi humwita mtoto mmoja mmoja, namfungulia kitabu cha darasa la pili, asome aya moja, kisha anieleze alichosoma. Dakika mbili kila mmoja. Naandika kwenye daftari langu: huyu yuko kwenye silabi, huyu kwenye maneno, huyu anasoma aya lakini haelewi, huyu anaelewa.

Kisha kila asubuhi, nusu saa kabla ya kipindi cha kwanza, wanakaa kwa makundi hayo bila kujali darasa. Ndiyo, mtoto wa la nne anaweza kukaa na wa la pili. Usimtangaze, wala usiliite kundi la wajinga. Tuliyapa makundi yetu majina ya milima: Loleza, Mbeya, Rungwe, na hakuna mtoto aliyejua mlima upi ni wa chini. Silabi rahisi huchukua muda mfupi. Zinazowakwamisha ni zile za mwambatano: mbwa, nywele, ng'ombe, kwangua. Huko tunakaa wiki nyingi.

Jambo jingine la kwetu Nyanda za Juu ni r na l. Mtoto anayezungumza Kinyakyusa, Kisafwa au Kihehe nyumbani ataandika "ludi" akimaanisha rudi, na "kura" na "kula" kwake ni sauti moja. Msimcheke na msimkataze lugha ya mama yake. Mpe imla fupi ya maneno sita kila siku, jozi jozi: kura na kula, rima na lima, mahari na mahali. Sikio lake litazitenganisha polepole.

Mwaka ukifika Oktoba baadhi watakuwa wamevuka, wengine bado. Lakini anayesoma vizuri Novemba wa darasa la nne ana miaka mbele yake ya kujifunza yote aliyokosa.

Darasa langu lina watoto zaidi ya 90. Nitasahihisha saa ngapi?

Hutasahihisha yote. Wabadilishane madaftari, jibu lijadiliwe ubaoni, kila mmoja asahihishe la mwenzake. Wewe kusanya kumi tu kila siku, ya safu tofauti, uyasome kwa makini. Baada ya wiki mbili umewafikia wote.

Shule inataka kuweka kambi ya darasa la saba. Nimruhusu?

Inategemea kambi yenyewe. Kwa watoto wanaotembea mwendo mrefu, kambi inaokoa saa nyingi za njiani, na kwa walio na kazi nyingi nyumbani inawapa nafasi ya kusoma. Nimeona kambi nzuri Mufindi: watoto walilala saa tatu usiku, walikula makande na mboga, wazazi wa zamu wakilala nao.

Nimeona pia mbaya. Julai, baridi ya kukata masikio, watoto wanaamshwa saa kumi alfajiri kufanya maswali kwa taa moja. Mtoto wa miaka kumi na mitatu asiyelala hashiki kitu. Kwa hiyo kabla ya kukubali, uliza: wanalala wapi na nani, wasichana wanalindwaje usiku, wanakula nini, wanalala saa ngapi. Nenda ukaone kwa macho yako. Elimu ya msingi shule za serikali haina ada, na mchango wa kambi ni makubaliano ya wazazi; mtoto ambaye kwao hawana asifukuzwe darasani kwa sababu hiyo.

Wakati wa mavuno tunamhitaji shambani. Tufanyeje?

Nimekulia shambani, sitakuambia mtoto asishike jembe. Lakini tuangalie kalenda. Mbarali mpunga ukikomaa watoto hukaa shambani kutwa kuamia ndege. Ilula ni nyanya, Umalila na Makete viazi, Mbozi kahawa. Mahindi mengi huvunwa Juni hadi Agosti, yaani miezi ileile ya mwisho kabla ya Septemba. Likizo ya Juni ipo, itumieni hiyo. Shule ikifunguliwa, panga kazi za mtoto ziwe za Jumamosi. Na siku ya gulio ni siku ya shule kama nyingine.

Kwa mwalimu: usifundishe mada ngumu siku ya gulio, kisha ukalalamika kwamba hawaijui. Panga marudio siku hiyo.

Mimi sikusoma. Nitamsaidiaje?

Jioni mwambie akufundishe alichojifunza leo, kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani. Akikwama, mwambie kesho akamuulize mwalimu, na keshokutwa muulize kama aliuliza. Mtume dukani, akuhesabie chenji. Akupimie mahindi kwa debe, akuambie madebe sita ni gunia, kwa hiyo matatu ni sehemu gani. Mwachie saa moja asiyotumwa popote. Mzazi mmoja wa kwetu hajui kusoma kabisa, ila kila jioni anafungua daftari la mwanawe na kuangalia kama kuna wino mwekundu mpya. Asipouona siku tatu, anakuja shuleni kuniuliza. Mtoto huyo hakosi kipindi.

Tuisheni?

Ikiwa mtoto anafundishwa kile asichoelewa, sawa. Ikiwa ni kurudia maswali yaleyale hadi jua lizame, bora acheze mpira.

Watoto wamefeli moko. Wengine wanasema wachapwe ili waamke.

Hapana. Kanuni za mwaka 2002 zinaruhusu kiboko kwa kosa kubwa la nidhamu tu, kwa mkono wa mwalimu mkuu au aliyemruhusu kwa maandishi, na kisizidi vinne. Kukosa swali la asilimia si kosa la nidhamu. Na mtoto aliyechapwa kwa alama anajifunza jambo moja, kuibia kwa jirani. Huko mbele matokeo hufutwa, na miaka saba inaondoka kwa siku moja.

Ni kweli kuna watoto wanaojifelisha makusudi?

Ni kweli, na linaniuma kuliko yote niliyoandika hapa.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na binti aliyekuwa akipata A kwenye kila jaribio langu. Kwenye moko akapata alama chache mno. Nilimwita chini ya mti, nikamuuliza, akanyamaza muda mrefu huku akichora mchangani kwa kidole cha mguu. Mwisho akasema nyumbani wameambiwa kuna mama mjini anatafuta binti wa kazi, na kwamba akifaulu ataleta gharama. Alijua majibu yote. Alikuwa akichagua herufi za pembeni.

Nilikwenda kwao na mwalimu mkuu na mwenyekiti wa kijiji. Hatukwenda kutisha. Tulikaa, tukapewa togwa, tukazungumza juu ya shule ya kata iliyo karibu, isiyo na ada, na nini hasa kingehitajika: sare, daftari, viatu. Babake alidhani ni fedha nyingi kuliko ilivyo. Yule binti alifanya mtihani wake, akafaulu, akaenda kidato cha kwanza.

Mwalimu, ukiona alama za mtoto mzuri zimeanguka ghafla mwezi wa Julai, usimpe karatasi nyingine. Mwite umuulize.

Nasikia darasa la saba linaondolewa. Inawahusu watoto wetu?

Mtaala mpya ulianza Januari 2024, na ndani yake elimu ya msingi ni miaka sita. Walioanza darasa la tatu mwaka huo wanafika la sita 2027, mwaka uleule ambao waliokuwa la nne wanamaliza la saba kwa mtaala wa zamani. Kwa hiyo muulize mwalimu wa taaluma mtoto wako yuko upande upi kabla ya kununua vitabu. Mtaala mpya una masomo kama Historia ya Tanzania na Maadili, na Jiografia na Mazingira. Karatasi za zamani za Maarifa ya Jamii hazitamtosha.

Siku ya mtihani tumpe nini?

Uji wa moto na usingizi wa usiku uliotangulia. Kalamu mbili za HB zilizochongwa, ufutio laini, kichongeo, rula, kalamu ya wino. Sweta pia, maana asubuhi za Septemba huku kwetu bado zina baridi na vidole vikiganda kivuli kinatoka nje ya duara. Msimkalishe njiani kumpa mawaidha. Afike mapema, akojoe, aingie.